Mwite kwa Jina Lake

Tangu filamu ianze, sikio moja la Mwanamboka lilikuwa kwenye televisheni, la pili kwenye lango. Abdullatif alikuwa njiani kutoka Sur. Siku alipomwajiri kumtunza mama yake hapa Ibra, katika nchi ya Waarabu, alisema neno moja akalirudia: hataki tena wafanyakazi walio mke na mume nyumbani kwa mama yake. Waliotangulia walitoroka pamoja wakamwacha mama peke yake, haoni, hata maji hajui yako wapi. Basi Mwanamboka na Ngwali, waliofungishwa ndoa Wete, waliingia nyumba ile kama dada na kaka. Yeye wa kumtunza bibi, Ngwali wa mitende na gari. Siku Abdullatif akijua, mmoja wao atapandishwa ndege.

"Mbona umenyamaza?" Bibi Ghaniya alimgusa goti. "Mfalme kafika wapi?"

Bibi Ghaniya alizaliwa Unguja mjini. Mtoto wa jicho alikuwa amemtia ukungu, rangi za televisheni akiziona kama nguo zilizoanikwa upenuni. Filamu hiyo ya Kichina aliichagua mjukuu wake Hiba, binti wa Abdullatif aliyekuja likizo, na yeye ndiye aliyesoma maandishi ya Kiarabu chini ya picha. Lakini Kiswahili cha Hiba kilichechemea, na bibi hakutaka hadithi inayochechemea. Kwa hiyo Hiba alisoma, Mwanamboka akasimulia.

"Mfalme bado kajigeuza mpiga zeze, bibi. Kavaa joho la viraka, lakini kasahau kuvua viatu vya hariri. Kapanga kwenye mgahawa wa yule msichana muuza tambi. Wanaimba huku wakikanda unga, na kila wakitazamana, sufuria inafurika."

"Wapumbavu wote wawili," bibi alisema kwa raha. "Endelea."

Mlango wa mgahawa ukapigwa teke. Askari wakaingia, na nyuma yao mama mfalme mwenyewe, anamsaka mwanawe. Mfalme akajitumbukiza kwenye pipa la unga, akatoka mweupe kama jini.

"Anauliza, huyu nani," Hiba alisoma. "Na msichana anasema... anasema huyu kaka yake."

Mwanamboka alitupa jicho langoni.

"Anasema huyu ni mpangaji wake," akasimulia.

"La, Mwanamboka! Kaka! Imeandikwa kaka, wallahi!"

Bibi Ghaniya akageuza uso wake polepole. "Tangu lini unanibadilishia hadithi?"

"Ulimi umeteleza, bibi."

"Haya. Mama mfalme kaamini?"

"Hajaamini!" Hiba alikuwa hajiwezi kwa kicheko. "Anasema waimbe, ile nyimbo mama yao alikuwa anawalaza!"

Msichana akaimba wimbo wa mabata, mfalme akaimba wa farasi wa vita, kila mmoja akimkanyaga mwenzake, wapiga ngoma wakachanganyikiwa, mpishi naye akaingia na mwiko. Mwanamboka alisimulia yote, na jasho likimteremka mgongoni chini ya kiyoyozi. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha kicheko kikakatika.

"Hiba, isimamishe."

Picha ikaganda, mama mfalme kinywa wazi.

"Mwanamboka, kaka yako yuko wapi?"

"Uani, bibi. Anamwagilia."

"Mwite aje ale halwa."

"Kaka!" Mwanamboka alipaza sauti. "Kaka, unaitwa!"

"Makaka ni wengi. Mwite kwa jina lake."

Mwanamboka aliivuta sahani ya halwa, akaanza kukata vipande.

"Mimi nilikuwa na kaka zangu," bibi alisema taratibu. "Majina yao nikiyaita kutwa, na tusi juu. Mume wangu, Mungu amrehemu, nimekaa naye mpaka nikamzika, na jina lake halikupata kunitoka kinywani. Ndivyo makungwi walivyotufunza. Na wewe, tangu uingie humu ndani, la huyu kaka yako sijalisikia."

Mwanamboka na mumewe walikuwa wametunga kila kitu: jina la mama, la mtaa, hata nani kati yao alimvunja mwenziwe jino utotoni. Hili hawakulifikiria. Kungwi wake alimwambia jina la mume si la kuchezewa, naye hakuwahi kulichezea. Lakini jina ni jina tu. Akilitamka sasa, labda bibi ataridhika, na yataisha.

"Ngwali!"

Sauti ilimtoka kama si yake.

Huko uani ndoo ilianguka. Miguu ikaja mbio, na Ngwali akaingia pekupeku, matope mpaka magotini, koleo mkononi. "Kuna nini? Nani kafa?" Alilitupa koleo akamshika mkewe mabega kabla hajakumbuka yuko mbele ya nani. "Umeungua? Mbona umeniita hivyo?"

Kisha akamwona bibi amegeuza uso kumsikiliza. Alipoelewa, mikono ikamshuka yenyewe.

Na lango likalia.

"Baba!" Hiba aliruka.

"Kaa," bibi alisema.

Abdullatif aliingia, akambusu mama yake kichwani, akatazama matope juu ya zulia. "Huyu anafanya nini humu?"

"Hiba, mwambie baba yako filamu imefika wapi."

"Wamemdanganya mama mfalme, baba. Wamesema wao ndugu. Sasa atawafanyaje?"

Abdullatif alicheka, akavua kofia. "Waongo? Awafukuze."

Mwanamboka aliinamisha macho, akayagandisha kwenye nyayo za Ngwali. Aliziangalia kama mtu anayetaka kuzikumbuka.

"Sikukuuliza wewe," bibi alisema. "Wewe mwana tu; mama mfalme ni mimi. Nyumba hii ya nani, Abdullatif?"

"Yako, mama. Swali gani hilo?"

"Na mkishaondoka nyinyi, anayebaki humu na kiza chake ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Basi kaa kitako. Nina habari ya kukupa, na usinikate kauli."

Abdullatif hakukaa. Tabasamu lilimwisha. Alimtazama Ngwali, akamtazama Mwanamboka, akarudi kwa Ngwali, na Mwanamboka akaona anaanza kuhesabu mambo moja moja kichwani. Kisha, taratibu, akaketi ukingoni mwa godoro alilokalia mama yake.

Bibi Ghaniya alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Mwanamboka, akaubana. Mwanamboka alitaka kutulizwa na mkono ule. Lakini nao ulikuwa umemshika kama wa mtu anayeogopa kuachwa peke yake tena.