Helisi Kwenye Ukuta wa Saloni

Jina langu la ubatizo ni Anatole, lakini mwaka ule wa sabini na nne majina ya wazungu yalikuwa yamekatazwa na serikali, kwa hiyo bandarini Kalemie nilikuwa citoyen Ilunga, yaani raia Ilunga, fundi mashine. Citoyen Mukalay, ambaye hata kasia hajui kulishika, alikuwa mwenye mashua. Mgiriki mmoja alinyang'anywa na serikali duka na mashua yake ya tanga na mota, Mukalay akapewa vyote bure. Duka alilimaliza kwa miezi minne. Mashua ilichelewa kidogo kufa, kwa sababu hakujua aanze kuila wapi.

Alianzia kwenye matanga: mke wake aliyashona mapazia. Ikabaki mota tu. Nikazamia kutazama helisi, ile feni ya chini ya maji inayosukuma mashua. Ilikuwa ya chuma, imeliwa na kutu mpaka imepata meno, na nati iliyoishika ilinivunjikia mkononi kama biskuti.

Mukalay akaagiza mpya kutoka Kigoma: helisi ya shaba, nati yake na pini yake, ndani ya sanduku la mbao. Nasema kweli, nilifurahi. Miaka kumi na minane ya kushika vyuma, sijawahi kushika kitu kizuri vile. Mukalay naye akaigeuza huku na huku, akaipangusa kwa kitambaa.

"Na hii yote itakaa ndani ya maji?"

"Njo kazi yake, Papa."

"Kwenye hakuna muntu wa kuiona?"

Akaenda nayo nyumbani. Akaitundika saloni, chumba cha kupokea wageni, juu ya redio, mahali watu wenye akili wanatundika picha ya harusi. Mimi akaniamuru nirudishe ile ya zamani kwa nati yoyote ya chuma, maana mgeni mkubwa wa serikali anatoka Lubumbashi na Jumapili atatembezwa ziwani.

Nilimwambia haitafika mbali.

"Ikikwama na mgeni wangu ndani, kazi huna," akasema. "Na ile nyumba ya kazi unatoka."

Niko na watoto sita. Nilizamia, nikafunga, nikasali kwa jina langu lililokatazwa.

Jumapili mgeni akapanda na abakosti yake mpya, ile suti ya wakubwa isiyo na tai. Mukalay akasimama mbele, mikono kiunoni, eti yeye ndiye nahodha. Tulikwenda robo saa. Kisha chini pakalia mara moja, mota ikaanza kupiga mbio bila kusukuma kitu. Helisi ilikuwa imekwenda kwa samaki, na matanga yalikuwa madirishani kwa Mukalay.

"Ni sabotage," Mukalay akasema. "Huyu fundi amefanya makusudi, aniaibishe."

Miaka ile neno hilo lilitosha kumfunga muntu. Hasira ikanishinda. Nikamgeukia mgeni.

"Chef, helisi mpya iko. Iko saloni kwake, juu ya redio. Umekula pale jana, umeiona."

Mukalay akaishusha mikono yake kutoka kiunoni. Mimi moyo ukatulia. Nilijua nimempata.

"Nimeiona," mgeni akasema polepole. "Niliisifu, naye akanizawadia. Iko kwenye mizigo yangu."

Akatazama maji. Nilimwona kabisa akifikiri: akikubali maneno yangu, ile shaba lazima irudi kwenye mashua.

"Hii iliyoanguka, nani aliifunga?"

"Ni mimi, Chef."

"Basi ni sabotage."

Wavuvi wa ndagala walituvuta kwa kamba mpaka bandarini, wakicheka bila kujificha. Gerezani sikupelekwa. Mukalay alinifuta kazi, akanipa siku tatu za kutoka kwenye nyumba, na akataka nimshukuru. Nilimshukuru. Mpaka leo hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote.

Jumanne mgeni alipanda treni kurudi Lubumbashi. Mizigo yake ilitaka watu wenye nguvu, na jina langu lilikuwa bado kwenye orodha ya kazi mpaka saa sita. Nikaliweka lile sanduku la helisi begani, nikapanda nalo, nikalisukuma chini ya kiti chake. Akaniambia nilifunge kamba vizuri. Nikapiga mafundo matatu, maana njia ya Niemba inatikisa sana, na kitu kizuri vile sikutaka kiharibike.