Besi Isiyo na Tumbo

Fundi Gundi hakugusa hata parafujo moja kabla hajauliza swali lake.

"Mkono wa nani?"

"Wangu," nikamwambia. "Unadhani nimekuja kutembeza vyombo vya jirani?"

Akacheka, akanishika mkono wa kushoto, akaubonyezabonyeza kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Alipofika kwenye kidole gumba nikaguna. Akaniangalia usoni, nami nikamwomba asimwambie mtu. Kiungo cha gumba lile kilikuwa kimevimba tangu mvua za mwaka jana, na mpiga besi mwenye gumba bovu ni sawa na dereva mwenye breki mbovu. Abiria hawasubiri kuona mwisho wake, wanashuka.

Besi yenyewe ilikuwa imelala mezani kwake. Ilikuwa besi ya kusimama, ya umeme, karibu urefu wangu, ila haikuwa na lile tumbo kubwa la mbao. Shingo, ubao wa vidole, mguu wa chuma na waya wa kwenda kwenye spika, basi. Wenzangu katika bendi walikuwa wameshaibandika jina, Njaa. Ile ya zamani tuliyoachiwa na baba ilikuwa na tumbo la watoto wawili kujificha nyuma yake, na kweli mimi na mdogo wangu tulikuwa tukijificha hapo tukivunja vikombe.

Lakini meneja wa hoteli moja mpya alipokuja kutusikiliza, masikio yake hayakufanya kazi mpaka macho yalipomaliza. Jukwaa lake lilikuwa dogo. "Hilo kabati lenu halitaingia kwangu," alisema. Hoteli ilikuwa inatafuta bendi moja ya kudumu, ya kupiga kila mwisho wa wiki, na bendi itakayoipata kazi ile ingeacha kuhangaika na harusi za watu wanaokumbuka njaa ya wapigaji baada ya sufuria kuoshwa. Akatupa nafasi ya pili, twende na chombo kidogo. Mdogo wangu, ambaye ndiye kiongozi wa bendi, akaiuza besi ya baba bila kuniuliza, akanunua hii.

Nilinuna. Kisha akaja kwangu na maneno yake laini. "Dada, hii haina ubishi. Unaigusa tu, umeme unamalizia. Nenda kwa fundi uichagulie nyuzi, uiweke sawa. Wewe ndiye unayejua."

Nikaamini kwamba ameliona gumba langu na ameamua kunisitiri. Mtu huyu nilimbeba mgongoni mama alipokuwa kazini, na midundo ya kwanza kuijua maishani niliigonga kwa vidole kwenye paja lake. Nikasema moyoni, damu nzito kuliko maji, nikamsamehe hata lile kabati la baba.

Fundi Gundi akapanga pakiti tatu mbele yangu. Kinasa sauti cha besi ile kilikuwa chini ya daraja, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, na kilinasa mtikisiko wa uzi wa aina yoyote. Kwa hiyo uchaguzi ulikuwa wetu.

"Hizi za chuma nene zinavuma vizuri," akasema, "lakini zinataka mkono wa mtu anayeponda kokoto. Hizi za chuma nyembamba zinang'aa, zina sauti ya juu kidogo. Wanaotoka kwenye gitaa la besi wanazipenda. Na hizi nyeusi zimevikwa nailoni."

Hakumaliza. Nilishazichukua zile nyeusi. Zilikuwa laini kidoleni, na sauti yake ni fupi, ya chini, ya duara, karibu na zile za utumbo wa mnyama alizozipenda baba. Ukiipiga, mtu haisikii masikioni, anaisikia kwenye kiti alichokalia. Hiyo ndiyo besi ninayoijua mimi. Hiyo nyingine ni gitaa lililolewa.

Tulipokuwa tunazifunga, simu ikaita. Mdogo wangu.

"Dada, nyuzi zishuke chini kabisa. Zilale kwenye ubao."

"Hizi ni laini, zinayumba sana. Zikilala hivyo zitagonga ubao, zitakoroma."

"We shusha tu. Na fundi aweke vidoa vya alama pembeni ya shingo."

"Vidoa vya nini? Tangu lini mimi nikaangalia shingo nikipiga?"

"Taa za hotelini hafifu, Dada."

"Hata wakizima zote!"

Akacheka. "Najua. Hakuna mtu kama wewe, mji mzima hakuna." Kilikuwa kilemba cha ukoka, na nilikivaa, tena nikajiangalia kwenye kioo nacho.

Fundi Gundi alikuwa amesikia. Akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeupe, akasema bila kuniangalia, "Anayehitaji vidoa ni mgeni wa shingo hiyo."

"Ni giza," nikamjibu kwa ukali. Tazama nilivyokuwa. Ninaibiwa, na mlango namfungulia mwizi mwenyewe.

Tulifanya kazi hadi chai ikapoa vikombeni. Daraja lilikuwa na magurudumu mawili madogo ya shaba miguuni, ukiyazungusha linapanda au linashuka. Fundi alishusha, mimi nikavuta nyuzi, zikakoroma. Akapandisha kidogo, nikavuta tena. Akapitisha tupa kwenye mifereji ya kule juu ambako nyuzi zinaingia kichwani, maana hapo ndipo gumba langu lilipokuwa linateseka zaidi. Mwisho tukafika mahali ambapo nyuzi hazikoromi na gumba halilalamiki. Nikapiga kwa muda mrefu nimefumba macho. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kama mjinga. Nikaona nina miaka mingine mingi ya kusimama jukwaani. Nikaurekebisha mguu wa chuma hadi kichwa cha shingo kikawa sawa na nyusi zangu, nikaukaza, nikaipeleka besi nyumbani kwa mdogo wangu tayari kwa mazoezi ya kesho yake.

Chumba chetu cha mazoezi kiko uani kwake, banda lililozibwa kuta kwa magodoro mabovu ili majirani wapumue. Kesho yake mchana nilipoingia, jicho langu lilikwenda kwenye besi kabla ya watu. Mguu wake ulikuwa umevutwa. Kichwa cha shingo kilikuwa juu kabisa, mahali ambapo mimi ningehitaji stuli.

Aliyekuwa ameishika ni mdogo wake wifi yangu, kijana mwenye viatu vyeupe ambaye kila mtu humwita Msafi. Alikuwa anapiga gitaa la besi kanisani. Alikuwa ameinamisha shingo, anatafuta noti kwa kuvifuata vile vidoa.

"Shikamoo dada," akasema, kwa adabu zote.

Nikamgeukia mdogo wangu. "Hii ni nini?"

"Karibu Dada, kaa kwanza. Shemeji atatusaidia kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

Mpiga ngoma akaanza kukaza ngoma ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Mwenye gitaa akajitia hamnazo, akaangalia simu iliyokuwa imezimwa.

"Meneja anataka sura mpya," mdogo wangu akasema. "Si maneno yangu. Halafu na hilo gumba lako..."

"Nani kakwambia habari za gumba?"

"Dada, mwaka mzima unachelewa nusu mdundo. Nina masikio mimi. Wewe ndiye uliyenipa."

Kumbe gumba aliliona kweli. Katika yote niliyomdhania, hilo peke yake ndilo nililopatia.

"Na kwa fundi ulinituma kufanya nini?"

Akanishangaa, kana kwamba nimeuliza maji yanalowesha nini. "Sasa ningemtuma nani? Nani anajua besi kuliko wewe?"

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayetoa sifa. Ningemtukana, ila kumweleza ingekuwa kumpigia mbuzi gitaa, na mbuzi wa nyumba hii gitaa analo lake. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wakaanza wimbo.

Msafi alikuwa na mkono mzito. Alizivuta zile nyuzi zangu laini kama anayeng'oa muhogo, nazo zikagonga ubao na kukoroma wimbo mzima. Nyuzi zilizonikaa mimi kama ngozi zilimkataa yeye mbele ya watu. Sitaficha, nilistarehe. Ule ndio wimbo pekee nilioufurahia siku ile.

"Samahani dada," Msafi akasema akifuta jasho, "inakoroma. Ni mimi au ni yenyewe?"

"Ni wewe."

Mdogo wangu akaja akachutama mbele ya ndoo yangu, akanishika magoti yote mawili, alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kitu. "Meneja anatusikiliza kesho kutwa. Tukiikosa hii, bendi inakufa, na bendi ni ya baba. Irekebishe imkae, Dada. Nakuomba."

Kisha akatoa mfukoni pakiti ya nyuzi. Zilikuwa zile nyembamba za chuma. Zilikuwa zimenunuliwa zamani, plastiki yake imeshakunjamana kwa kukaa mfukoni.

Nikasimama. Nikazilegeza nyuzi zangu nyeusi moja moja, nikazikunja. Nikafunga zile za chuma. Wote walikuwa wananiangalia, lakini hakuna aliyekuwa anajua anachokiangalia. Kama ningelizungusha gurudumu moja la daraja zaidi ya inavyotakiwa, besi ingekuwa tamu pale bandani, halafu ingechacha ikishapigwa kwa nguvu mbele ya meneja. Msafi angeaibika, mdogo wangu angeniangukia miguuni, na hakuna kiumbe angejua. Nililishika gurudumu lile, nikafika mpaka hapo. Nililitaka jambo lile kuliko chakula.

"Lete mkono," nikamwambia Msafi.

Akanipa. Nikaubonyeza. Kiganja kipana, vidole virefu, na gumba limenyooka, halina uvimbe wala maumivu. Lilikuwa gumba zuri sana, na nililichukia.

Nikamwekea nyuzi zake. Nilizishusha kadiri alivyotaka, maana za chuma zina mkazo na haziyumbi ovyo. Nikakaza kidogo ufito wa chuma ulio ndani ya shingo, unaoizuia isipinde, nikamwambia apige, nikasikiliza, nikarekebisha, akapiga tena. Nikamwonyesha aegemeze besi kwenye goti na asiivute, aiachie uzito wa mkono. Wema haukuwemo. Besi inayokoroma siwezi kuiacha nyuma yangu, basi, ni ugonjwa wangu kama lilivyo gumba. Jioni ile Msafi alipiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, safi, bila kuchelewa hata nusu mdundo. Mpiga ngoma akasahau kwamba nipo, akapiga kelele ya furaha.

Siku ya hoteli mdogo wangu alinipitia nyumbani. "Njoo tu, ikianza kukoroma tutafanyaje?" Nikavaa gauni langu la jukwaani. Najua mtakavyonicheka. Nilisema labda Msafi ataugua njiani, labda meneja ataniuliza mbona sipigi. Mtu akikunyang'anya kitu mbele ya macho yako, bado mkono unabaki umenyooka kwa muda.

Walinipa kiti nyuma ya spika, karibu na mlango wa jikoni. Wakapiga nyimbo tatu. Nilisikiliza kila noti nikiomba moja tu ikorome, na kila noti ilikuja imetimia, kama nilivyoitengeneza. Wahudumu wakasimama na sinia mikononi. Meneja akapanda jukwaani kabla wimbo wa tatu haujaisha, anapiga makofi, akampa mdogo wangu mkono, akampa Msafi mkono.

"Na hiyo besi!" akasema. "Hivyo ndivyo besi inavyotakiwa kusikika." Ndipo akaniona na gauni langu. "Na huyu mama?"

Mdogo wangu aligeuka akaniangalia. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja fupi ambalo amelitumia tangu ajue kuongea.

"Huyo ni fundi wetu," akasema. "Besi ikisumbua tunamwita, anakuja."

Meneja akanipa mkono, akanipongeza kwa kazi nzuri, nami nikamshukuru. Wakaondoka pamoja kuelekea ofisini wakicheka.

Msafi alibaki anahangaika na mguu wa besi, hajui unavyoingizwa ndani. Akageuka kunitafuta nyuma ya spika. Asubuhi ile tu alikuwa ameniamkia na kuniita dada.

"Fundi," akaniita, kwa adabu zilezile. "Samahani, hebu nisaidie hapa."

Nikaenda kumfungia.