Majina ya Pembeni

"Funga mulango, mutumishi."

"Nikifunga, batu batajiuliza," mwinjilisti Éliakim alijibu. "Saa tatu ya asubui, bureau imefungwa? Butembo hii?"

"Basi acha nusu."

Aliuacha nusu, akarudi kwenye kiti cha plastiki. Nje pikipiki zilipita na vumbi lake kama kila siku. Ndani ya kichumba kilichoandikwa SECRÉTARIAT PUBLIC, kompyuta moja ilikuwa inageuza picha ya karatasi ya daftari kuwa ukurasa wa PDF, polepole, na watu wawili waliitazama kwa hofu. Bénite, mwenye bureau, aliishi kwa kompyuta hiyo. Kwa miaka sita alikuwa ameandika barua za kuomba kazi, matangazo ya vilio na mialiko ya harusi, na hakuna hata moja iliyowahi kumtoa jasho mikononi kama hii.

Éliakim alikuwa ametoka Beni jana na ushuhuda wa watu saba, wote wakulima wa Mulekera, huko huko Beni, waliokuwa mashambani siku wauaji walipokuja. Kila ushuhuda ulikuja kivyake. Mbili zilikuwa za Word. Mmoja ulikuwa jedwali la Excel, kazi ya muuguzi mmoja ambaye bila shaka hata barua ya mapenzi angeiandika ndani ya vijisanduku. Tatu zilikuwa picha za simu, na wa saba ulipigwa skana umelala upande. Maître Josée, mwanasheria aliyehamia Beni, alitaka faili moja tu. Saa nane mchana wachunguzi wageni wangeisoma ukutani kwa projekta, katika ukumbi wa kanisa, mbele ya wote walioalikwa: machefu wa mitaa, watu wa usalama, wafanyabiashara. Mambo yenyewe yasikike, alisema Maître, lakini majina yasionekane.

Shahidi wa pili alikuwa Vagheni, mdogo wake Bénite. Alilala kifudifudi kati ya mikakao huku majirani zake watatu wanauawa, na alimtambua mtu aliyewaonyesha wauaji njia. Jina la mtu huyo hakulitaja kwa yeyote, hata kwa dada yake. Alisema tu kwamba bado anatembea Beni, ananunua kakao, anasalimia watu. Mtu huyo akijua ni nani aliyemwona, Vagheni hamalizi wiki. Bénite alilijua hilo, na tangu jana alikuwa hajala.

"Utapaka majina nyeusi?" Éliakim aliuliza.

"Hapana. Nikipaka nyeusi, kila mutu atataka kujua nini iko chini. Nitaacha jina ya kuzaliwa tu."

Wazo lilikuwa lake, na alilionea fahari kidogo. Kwa Wanande, kabila la Butembo na Beni, mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa: mvulana wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, msichana wa kwanza Masika. Ita Kambale katika soko la Butembo, nusu ya wanaume watageuka. Kwa hiyo kila shahidi alibaki na jina la zamu yake, na lile la pili, linalomtambulisha, likafutwa katika kila ukurasa. Hakuna uongo uliosemwa.

Tatizo ni kwamba mashahidi saba walitoa Kambale watatu na Masika wawili, na Bénite alianza kuwachanganya. Basi alizipa faili majina anayoyajua yeye, kwenye mashine yake tu, ili kila karatasi ikae na mwenyewe. Kisha akafungua programu ya kuunganisha, ya bure kama LibreOffice aliyotumia kugeuza zile za Word na Excel. Zote mbili alipewa na mwenzake wa chuo ndani ya flashi, na hazikuwahi kumdai leseni wala intaneti. Alizipanga faili saba moja chini ya nyingine, akabonyeza. Kurasa ishirini na tatu. Alizipitia mara mbili kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata mistari kwenye kioo.

"Bimekwisha," alisema.

Éliakim aliitia flashi ndani ya soksi, akaomba sala fupi, akapanda moto, pikipiki ya kukodi, kuelekea Beni. Ilikuwa saa nne. Bénite alikunywa chai iliyokwisha kupoa na akaiona tamu.

Saa tano aliingia Bwana Mukendi, karani wa serikali aliyetumwa kutoka Kasai, mtu mwenye mkoba wa ngozi na maswali mengi. Alitaka diploma zake na picha ya kadi yake viwe faili moja, aipeleke kwa chef wake, mkubwa wake wa kazi. Bénite alimfanyia palepale. Mukendi alivuta kiti, akashika kipanya cha kompyuta bila kuomba, maana alikuwa wa aina hiyo, akabonyeza kila alichokiona.

"Mais mama, na hii huku pembeni?"

"Pembeni gani?"

"Hapa. Imeandika *diplome_D6*. Imeandika *carte_picha_mbaya*. Donc chef wangu ataona mi mwenyewe nasema picha yangu ni mbaya?"

Bénite alicheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Upande wa kushoto wa kioo kulikuwa kumefunguka safu nyembamba, na ndani yake programu ilikuwa imeyapanga majina ya faili, moja moja, kama orodha ya yaliyomo kitabuni. Hakuwahi kuifungua safu ile. Watu wa Butembo wanataka karatasi, na karatasi haina pembeni.

Alimwondolea Mukendi kipanya mkononi, akafungua nakala ya asubuhi, akabonyeza palepale.

*1 Jokebed_Mulekera. 2 Vagheni_ndugu_yangu. 3 Agar_mjane.*

Hakusoma zaidi. Aliziba kioo kwa viganja vyote viwili.

"Mama, uko mugonjwa?"

"Bwana Mukendi, chukua yako hivyo hivyo. Tafazali. Toka."

Alijaribu simu ya Éliakim, ya Maître Josée, ya Vagheni. Réseau, mtandao wa simu, ilikuwa imekatwa tangu alfajiri. Basi alizipa faili namba badala ya majina, moja hadi saba, akakosea, akarudia, akaunganisha upya, akafungua ile safu na kuona namba tupu. Aliitia faili mpya ndani ya flashi nyingine; kifuniko chake kikaanguka chini, na hakukiokota.

Zorobabel, motari aliyengoja abiria na pikipiki yake kwenye kona, alimtazama mara moja tu. "Beni? Sasa hivi? Njia haiko nzuri leo, mama."

"Najua. Twende."

Walikipita kijiji cha Maboya bila kusimama. Walipofika Kabasha walikuta malori yamepangwa foleni, na askari mmoja amenyoosha kamba barabarani. Huko mbele kulisikika risasi, alisema, watu wangoje. Bénite aliogopa risasi, lakini saa aliiogopa zaidi. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Mara tatu alimfuata askari.

"Chef, ndugu yangu iko anakufa."

"Ndeko, dada yangu, batu bote hapa bana ndugu," askari alisema, si kwa ubaya. Lakini kamba ilipoinuliwa, moto yao aliipitisha ya kwanza.

Beni ilikuwa na joto zito. Aliruka kutoka kwenye moto mbele ya kanisa ikiwa saa nane na dakika ishirini. Mapazia ya ukumbi yalikuwa yamefungwa. Alisukuma mlango, akasimama gizani kati ya migongo ya watu, sitini hivi, na sauti ya Maître Josée ilikuwa inasoma taratibu: "Mimi, Kambale, mukulima, nililala chini ya miti ya kakao..."

Ukutani, juu ya shuka nyeupe, ukurasa ulikuwa unang'aa. Kushoto kwake, ikiwa imefunguliwa wazi, ilikuwa ile safu. Kompyuta ya ukumbi iliifungua yenyewe. Na mstari wa pili, kwa kuwa ndio ulikuwa unasomwa, ulikuwa umetiwa rangi ya buluu.

Bénite hakufikiri. Alipita katikati ya viti, akakanyaga miguu ya watu, akasimama mbele ya shuka, upande wa kushoto, mgongo wake ukutani. Mwanga ulimpiga machoni. Aliinamisha kichwa akaona herufi zimelala juu ya blauzi yake, kubwa, nyeusi.

"Mama, utoke mbele," Maître Josée alisema. "Batu habaone."

"Nitatoka."

Hakutoka. Aliikunja mikono yake kifuani, na majina yakapanda juu ya mikono. Akajinyoosha, yakashuka hadi kwenye kitenge. Alimwona Éliakim akiinuka kwenye kiti cha mbele, akimwangalia yeye, kisha blauzi, kisha akashika kichwa. Mwinjilisti alipiga magoti chini ya meza ya projekta, akapapasa waya, akauvuta.

Giza likaingia mara moja. Viti vililia kidogo, mtu akakohoa. Bénite alingoja macho yarudi ili aone nyuso, halafu akakumbuka kwamba hata akiziona zote hatajua ni upi wa yule mnunuzi wa kakao. Uso ule aliujua Vagheni peke yake.

Kisha kutoka viti vya nyuma sauti ya mwanamume ikauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

"Mama, ule ndugu yako, iko Mulekera upande gani?"

Hakuna aliyefungua pazia. Bénite alibaki amesimama palepale, viganja kifuani, mahali jina lilipokuwa.