Chupa ya A.B.

Akua Bemah alinichukia tangu siku niliyomfundisha kushika pipeti ya maabara, nami sikumwacha achukie peke yake. Yeye alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili. Mimi, Adwoa Bruwaa, nilikuwa msaidizi wa utafiti kwa mwaka wa nne, na mbele ya wageni aliniita "mama wa kuosha chupa."

Jumanne asubuhi nilifungua kabati la joto tunamokuzia seli, nikakuta chupa moja imeharibika. Maji yake mekundu yamekuwa ya njano, na kwenye hadubini hamira imejazana hadi seli zenyewe huzioni vizuri. Hamira ikiingia kabati lile haichagui. Tulimwaga chupa thelathini, zikiwemo za Profesa Ofosuhene mwenyewe, kazi ya miezi mitano.

Kibandiko cha ile chupa kiliandikwa A.B., basi. Hapa Kumasi ukiita "A" kwenye chumba cha wanawake watageuka karibu wote: aliyezaliwa Jumatatu ni Adwoa, wa Jumanne Abena, wa Jumatano Akua. Tulilijua hilo, na bado sote wawili tuliandika hivyo hivyo kwa uvivu.

Prof aliiweka mezani. "Mwenye chupa hii anaondoka maabara yangu leo. Ya nani?"

"Si yangu," nikasema.

"Yangu pia siyo," akasema Akua. "Prof, mama yake huyu anaoka mikate mtaa wa Asafo. Kila asubuhi yeye anatuletea unga kwenye nywele zake. Hamira nyingine itoke wapi?"

"Na wewe unayekula kenkey juu ya meza ya kazi? Ule si unga uliochachuka?"

"Nilikula mara moja tu!"

"Ndiyo, mara moja kila siku."

Prof alipiga meza tukanyamaza. Hapo ndipo wazo likanijia, na moyo ukaniruka kwa furaha. Seli zangu zilitoka kwa mgonjwa mwanamume, za Akua kwa mwanamke. Tukipima vinasaba, za mwanamke huonyesha mstari mmoja kwenye jeli, za mwanamume miwili. Nilimweleza Prof, akakubali.

"Nami nitasimama hapa hapa," akasema Akua. "Nikigeuka tu utabadilisha vichupa. Nakujua."

"Simama mpaka miguu ivimbe."

Kazi ile ilitula muda wa saa nne. Alinitazama mikono kila nilipogusa kitu, nami kwa makusudi nikafanya polepole. Nilikuwa na uhakika. Hata maneno ya kumuagia nilikwishayapanga, ya adabu na yenye sumu ndani. Nilipomwona anaanza kutafuna kucha, nilifurahi, Mungu anisamehe.

Saa tisa alasiri niliweka jeli juu ya taa ya zambarau, nikainama. Safu ya kwanza ni seli za Akua tulizokuwa tumegandisha: mstari mmoja. Ya pili ni zangu: miwili. Ya tatu ni ile chupa.

Miwili.

Nilifuta miwani, nikatazama tena. Afadhali ningekuwa nimedanganya, maana mwongo angalau anajua alichofanya. Mimi nilikuwa nimeapa kwa moyo mweupe, nikamtukana mtu, nikaomba kipimo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Prof alikuwa amesimama mlangoni, koti keshavaa. "Haya. Ya nani?"

Akua alikuwa ameshaona. Nilimsikia akivuta pumzi begani kwangu. Alikunja mikono, akaningoja.

"Yangu," nikasema.

"Sema kwa sauti, dada," akasema Akua. "Prof yuko mbali."

Nikageuka nikamtazama Prof, nikasema tena.