Kigoda Kitupu

Ofisini walimwita Bi Kufuli, kwa sababu ghala la michoro lilikuwa mikononi mwake. Si ghala la matofali na bati. Ni programu ya kompyuta iliyotunza mchoro wa kila kipande cha pampu za maji walizotengeneza pale kiwandani. Hakuna aliyeingiza wala kutoa mchoro bila yeye kujua. Wenye haraka zao walimsema pembeni, naye aliwasikia na kunyamaza, maana kazi ile haikutaka apendwe, ilitaka awe makini.

Nyumbani, sasa, ndiko mambo yalikokuwa yamemkalia vibaya. Alikuwa ameolewa na mgane mwenye binti wa miaka tisa, na binti yule alimwita Anti. Alimwita vizuri, kwa adabu zote, na akishakula husema asante. Adabu hizo ndizo zilizomkata maini. Mwaka mzima na ushee, Anti. Na wiki hii wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa ametoa neno: Jumamosi anakuja kumchukua mtoto akakae kwake moja kwa moja.

"Mtoto hajakuzoea, wifi, tusidanganyane," alimwambia kwenye simu. "Wewe umeshika nafasi tu. Umetusaidia, tunashukuru."

Mumewe, ambaye mbele ya dada yake hana kauli, alisema mtoto mwenyewe ataulizwa.

Umeshika nafasi tu. Maneno hayo yalimganda kichwani, tena yalimuuma zaidi kwa kuwa mambo ya kushika nafasi ndiyo kazi yake.

Maana iko hivi. Pampu haichorwi na mtu mmoja. Huyu anachora mwili wa pampu, yule anachora mfuniko, na wa bolti naye anataka kuagiza bolti zake. Mfuniko haujachorwa, lakini wengine hawawezi kukaa wamekunja mikono. Basi Bi Kufuli hufungua faili tupu: lina jina, lina namba, ndani hamna kitu. Wote wanaitumia namba ile katika michoro yao kana kwamba mfuniko upo. Siku mchoro ukikamilika, unaingizwa ndani ya faili lile lile, na hakuna anayelazimika kubadilisha chochote. Ofisini faili la namna hiyo waliliita kigoda. "Niwekee kigoda cha mfuniko," mtu anasema, na kigoda kinawekwa.

Alhamisi ile mtoto alikuwa pale ofisini, kama kawaida yake baada ya shule, akifanya hesabu kwenye kona ya meza. Bi Kufuli akaufungua mchoro mkubwa wa pampu, akaukuta umejaa alama nyekundu. Mfuniko haupo, na bolti zinaelea hewani hazijui zishike wapi.

"Nani amegusa hapa?" aliuliza.

Mhandisi mpya akainua mkono. Alikuwa amekuta faili tupu, akaona ni takataka, akalifuta, kisha mfuniko aliokwisha kuuchora akaupa namba mpya. Nia yake njema kabisa, maskini. Tangu siku hiyo jina lake likawa Fagio.

"Lilikuwa halina kitu," alijitetea.

"Ndani ndimo hamna kitu," Bi Kufuli alisema, bila kupandisha sauti. "Lakini kipo, na watu wameshakitegemea. Kigoda hakifutwi eti kwa sababu hakijakaliwa. Kinamngoja mwenyewe."

Akakirudisha kutoka kwenye faili zilizofutwa, akauingiza mchoro wa Fagio ndani yake, na alama nyekundu zikatoweka.

"Kinangoja mpaka lini?" mtoto aliuliza kutoka kwenye kona yake.

"Mpaka mchoro uwe tayari."

"Na ukichelewa?"

"Ukichelewa, kinangoja," alijibu, macho yakiwa kwenye skrini. Mtoto akarudi kwenye hesabu zake.

Jumamosi wifi alifika na begi la kupakia nguo. Alijiweka kwenye kochi kubwa, akamsimamisha mtoto mbele yake. Bi Kufuli alibaki mlangoni mwa jiko na kitambaa mkononi. Alikuwa amejiapiza hatalia mbele ya wifi. Alimpenda mtoto yule, basi, hakuna zaidi. Alikijua kikohozi chake cha usiku, na alijua kwamba kiatu cha kushoto lazima kivaliwe kwanza, la sivyo siku imeharibika.

"Haya mwanangu," wifi alianza, "mimi unaniitaje?"

"Shangazi."

"Na yule pale?"

Mtoto akageuka kumtazama. "Anti."

"Umesikia mwenyewe," wifi akamwambia mdogo wake. "Mwaka mzima. Hamna kitu hapo."

Mume akakohoa, akalitazama zulia.

"Ndani ndimo hamna kitu," mtoto akasema. "Lakini kipo."

"Kipo nini?"

"Kigoda." Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza mambo ya kazini. "Mama aliyefariki ana nafasi yake, haiguswi. Na Anti nimemwekea kigoda chake cha kuitwa Mama. Bado sijaweza kumwita, nikitaka linanikwama hapa." Akajigusa kooni. "Ukinichukua, Shangazi, utakuwa umekifuta. Na mimi nimeshakitegemea."

Wifi hakuelewa habari za vigoda. Lakini koo lile alilielewa. Akalikunja begi mara mbili, akalisukuma chini ya kochi.

"Basi nipeni hata chai," akasema.

Bi Kufuli aligeuka upesi kwenda kuinjika maji. Wiki nzima alikuwa akidhani kigoda ni yeye, kumbe kigoda ni chake. Alilia kimyakimya mbele ya jiko, na mtoto akaja akasimama kando yake, akaanza kupanga vikombe.

"Anti, wewe sukari vijiko vingapi?"

"Viwili," akajibu, na kwa mara ya kwanza neno lile, Anti, halikumuuma.