Mke Mmoja, Watoto Watatu, Mizigo

Barua ya uhamisho ilimfikia Leodegar siku ya Alhamisi, akiwa kazini, nayo ilimtaka awe ndani ya treni Jumamosi ya juma lililofuata. Kituo kipya cha kazi kilikuwa Mahenge. Ndani ya bahasha ile ile kulikuwa na hati ya safari: karani mmoja, mke mmoja, watoto watatu, mizigo isiyozidi ratili mia nane. Nyumba ya serikali aliyokuwa akikaa Ilala ilitakiwa ikabidhiwe Ijumaa ya kuamkia safari, ikiwa imefagiliwa.

Yule mke mmoja alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria.

Candida Tarsis aliteuliwa mwaka 1956, na alijua vizuri kwa nini. Alikuwa amefundisha wasichana miaka tisa, alisema Kiingereza bila kutafuta maneno, alikwenda misa kila Jumapili, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Serikali ilitaka mwanamke wa Kiafrika wa kukaa kwenye picha. Kwa vikao vinne alikaa kwenye picha. Kabla ya kikao cha tano alipeleka taarifa kwa maandishi, kwamba angependekeza kurekebisha sheria ndogo ya masoko, na hapo ikaonekana kwamba walikuwa wamemsoma vibaya.

Sheria yenyewe ilikuwa na mistari miwili. Leseni ya meza katika soko la Kariakoo ilitolewa kwa mwanamume, au kwa mwanamke mwenye saini ya mume wake. Mwanamke mmoja, Sabaha, alikuwa ameuza mchicha na bamia kwenye meza moja kwa miaka kumi na mmoja. Mumewe alipofariki, hata arobaini haijasomwa, meza ikapewa shemeji yake, ambaye hajui kufunga fungu la mchicha, naye akaipangisha. Tangu hapo Sabaha aliuza chini, juu ya gunia, nje ya ukuta wa soko, na mara mbili kwa juma askari wa mji walizimwaga mboga zake mtaroni. Candida alikwenda sokoni Jumamosi tatu mfululizo akiwa na daftari. Aliandika majina ya wanawake sitini na watatu wa namna hiyo. Alichotaka ni maneno machache tu yafutwe, yale ya saini ya mume. Hoja ilipangiwa Jumanne, siku tatu baada ya safari ya Mahenge.

"Mama Filbert, tunahamia Mahenge," Leodegar alisema, hata kofia hajavua.

"Lini?"

"Jumamosi ijayo."

"Kikao ni Jumanne yake."

"Najua kikao ni lini! Ofisi nzima inajua. Leo karani mwenzangu Pantaleo ameniuliza mbele za watu kama nyumbani kwangu naruhusiwa kusema, au mpaka nipeleke taarifa siku kumi kabla."

Candida hakucheka. Leodegar akaketi.

"Hebu niambie. Wewe ni mke wangu au mke wa Baraza?"

"Nisomee hiyo barua kwanza, Baba Filbert."

Leodegar alikuwa karani wa masjala kwa miaka kumi na miwili. Watu wa kazi hiyo hawaanzi barua kwenye salamu, huanzia juu pembeni, penye namba ya jalada. Kule ofisini, kwa aibu ya kuchekwa, hakuwa ameitazama. Sasa aliitazama, na hakuendelea chini.

"Namba hii siyo."

"Siyo vipi?"

"Uhamisho wa makarani una jalada lake. Nimelitunza mimi, kwa mikono hii. Hili si lile. Hili ni jalada la Baraza." Akaisogeza karatasi dirishani. "Na tarehe ni kumi na mbili. Wewe taarifa yako uliipeleka lini?"

"Kumi na moja."

Leodegar aliiweka barua mezani taratibu, kama kitu kilichochafuka.

"Miaka kumi na miwili sijachelewa hata siku moja," alisema. "Nilidhani wananihamisha mimi. Kumbe mimi ndiye mzigo."

Jumatatu Candida alikwenda kwa Bwana Harcombe, mkubwa aliyesimamia shughuli za Baraza upande wa serikali. Alipewa kiti na kikombe cha chai.

"Bibi Leodegar, karibu."

"Jina langu katika orodha ya Baraza ni Candida Tarsis."

"Naam. Hakuna anayekulazimisha lolote. Lakini wewe ni mama wa familia ya Kikristo. Mume akipewa kazi mahali, mke humfuata, na Baraza lingeelewa kabisa kama ungejiuzulu." Akakoroga chai yake. "Bila shaka, kama ile hoja ndogo ya masoko isingekuwepo, uhamisho ungeweza kutazamwa upya."

"Naomba uyaandike hayo."

"Niandike nini?"

"Hayo uliyosema sasa hivi. Kalamu ninayo."

Bwana Harcombe alitabasamu, akatazama saa, akasema ana mkutano. Candida aliiacha chai ilivyokuwa.

Kazi ilikuwa ya Leodegar, na nyumba ilikuja na kazi. Kwa hiyo mchana huo Candida alimweleza yote, bila kupunguza neno.

"Aliandika?" Leodegar aliuliza.

"Hakuandika."

"Basi hakusema."

Akachukua ile hati ya safari, rula na wino mwekundu. Akapiga mstari kwenye mke mmoja, akapiga mstari kwenye watoto watatu, na pembeni akatia herufi za jina lake, kama kanuni inavyotaka kila pafutwapo. Jumamosi alipanda treni na sanduku moja. Candida na watoto walihamia vyumba viwili mtaa wa Msimbazi, kwenye nyumba aliyopanga Sabaha, choo kimoja kwa familia sita.

Jumanne alisimama katika Baraza, akasoma sheria ile, akasoma majina sitini na matatu. Bwana Harcombe alijibu kwamba saini ya mume ni ngao ya mwanamke dhidi ya wadanganyifu. Hakueleza mjane angeipata wapi saini ya maiti, wala hakuna aliyemuuliza. Kura zikapigwa kwa kuitwa majina. Candida aliandika kila jina na kila jibu.

Alitoka pale kwa miguu hadi Kariakoo.

"Shikamoo, Bi Sabaha."

"Marahaba, mwalimu. Ngapi?"

"Kumi na nne zetu. Thelathini na moja zao."

Sabaha aliendelea kufunga mchicha. Wanawake wa magunia ya jirani wakasogea.

"Hao thelathini na mmoja, majina unayo?"

"Ninayo."

"Soma."

Candida akafungua daftari. Alisoma la kwanza.

"Huyo wa Oysterbay," alisema muuza ndimu aitwaye Paskalina. "Mpishi wake ni Vitalis. Bamia zake kila Ijumaa, na lazima ziwe changa!"

"Ijumaa hakuna bamia," alisema Sabaha. "Endelea."

"Harcombe."

"Huyo mpishi wake Ignasi. Ee, na anavyochagua nyanya utadhani anaposa!"

"Akaposee kwingine."

"Wataleta askari," mmoja alisema.

"Askari walikuwepo juzi," Sabaha akajibu. "Kumwaga mboga zangu wanaweza. Watanilazimishaje kuuza?"

Candida alitaka kusema kwamba njia halali ilikuwa bado ipo, kwamba hoja ingeweza kurudishwa mwakani. Alikuwa na hakika kwamba hayo ni kweli. Hakuyasema.

"Soma polepole, mwalimu," alisema Sabaha. "Wenzangu hawaandiki, wanashika kichwani."

Candida akarudi kwenye jina la kwanza.