Kioo cha Praiveti

Mzee Yoeli Mwalongo hakuwa na gari, wala pikipiki, wala mtoto aliyebaki nyumbani. Hakuwa na meno mawili ya juu upande wa kulia. Hakuwa na cheti cha darasa la saba, kwa sababu utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake mdogo, na kusoma alikuja kujifunza ukubwani, jioni, katika darasa la watu wazima pale Yakobi, tayari akiwa na mke na watoto wawili. Hakuwa na saa inayokwenda. Aliyokuwa nayo aliivaa kwa heshima tu. Na hakuwa na neno moja la Kiingereza, neno dogo, ambalo kama angekuwa nalo siku ile ya Makambako, yaliyofuata yasingetokea.

Alichokuwa nacho, tena kwa wingi, ni mazoea ya kusema "najua."

Simu ilitoka Dodoma. Esnath, binti yake wa mwisho, mwalimu wa sekondari, alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwezi wa nne, akaona kwamba barua za baba na ile simu yake ya kitochi havitoshi tena. Alinunua simu ya kupangusa, akaifunga vizuri kwenye boksi, akaikabidhi basi liendalo Mbeya, kisha akampigia baba yake kwamba aipokee stendi ya Makambako. Akamwomba pia asiondoke pale bila kuiwekea protekta, yaani kile kioo chembamba kinachobandikwa juu ya kioo chenyewe, maana simu ikianguka mara moja kwenye sakafu ya saruji, habari yake imekwisha.

Duka alilolipata lilikuwa kibanda cha vioo ng'ambo ya stendi. Mwenyewe aliitwa Zamda, mama wa makamo mwenye ushungi wa kijani, aliyehamia kutoka Kondoa akimfuata mume dereva wa malori. Alimwamkia, akampa benchi akae, akaifungua simu kama mtu anayefunua mtoto. Halafu akamweleza aina zilizopo. Ipo ya nailoni, inazuia mikwaruzo tu. Ipo ya kioo ya kawaida, hiyo ikianguka inapasuka yenyewe badala ya simu.

"Na ipo ya praivasi," alisema Zamda. "Unaijua hiyo, babu?"

Yoeli alijua. Hospitali ya praiveti unalala peke yako kwenye shuka jeupe. Shule ya praiveti watoto wana viatu vyote viwili na basi linawafuata mlangoni. Kitu cha praiveti ni kitu kile kile cha siku zote, ila kimepigwa pasi. Huyu mama neno analitamka vibaya, alijisemea, akamsahihisha kimoyomoyo, kwa upole, kama mwalimu wake wa jioni alivyokuwa akimsahihisha yeye.

"Najua," alisema. "Nipe hiyo ya praiveti."

Zamda alimtazama, akacheka taratibu. "Babu naye ana mambo yake. Bibi anajua?"

"Mke wangu hana neno. Anapenda vitu vizuri."

Zamda alicheka tena, safari hii mpaka akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, na Yoeli akafurahi kwamba amekutana na mtu mchangamfu. Alimwangalia akipangusa kioo kwa kitambaa chenye spiriti, akinasa vumbi kwa kipande cha gundi, kisha akikilaza kile kioo na kukibonyeza katikati kwa kidole kimoja, mpaka hewa yote ikakimbilia kingoni na kutoka. Kazi safi. Alirudi Yakobi na simu ndani ya koti, mkono juu yake njia nzima.

Mkewe Kristina hakujua kusoma. Zile jioni za darasa mtu mmoja ilibidi abaki na watoto, akabaki yeye. Yoeli aliporudi alimsomea alichojifunza, na tangu hapo kila karatasi iliyoingia katika nyumba ile, iwe barua ya mtoto, maelekezo ya mbolea au tangazo la usharika, aliisoma kwa sauti huku Kristina amekaa kushoto kwake kwenye benchi, bega kwa bega, akifuata kidole. Herufi hakuzijua, ila jina lake alilijua lilipo. Lilikuwa na urefu wake, na lilianza na nguzo iliyoegemewa na vijiti viwili.

Kwa hiyo simu ilipofika, alikaa palepale kushoto. Yoeli aliishika kwa mikono miwili kama kikombe kilichojaa, akamfungulia picha ya mjukuu. Hakumpa aishike, maana aliogopa sakafu.

"Huyu hapa. Ona hilo paji la uso, la kwenu kabisa."

Kristina aliinama, akaangalia. Alikawia kidogo tu.

"Mzuri," alisema.

Picha ziliendelea kuja. Mtoto anaoga, mtoto amelala, mtoto anacheka. Kila jioni Yoeli alizieleza moja moja, na kila jioni Kristina alisema mzuri, na Yoeli akaridhika, maana mke wake hakuwa mtu wa maneno mengi.

Wiki ya tatu alikuja jirani yao Modesta kuuliza kipimo cha shingo. Alibeba kikapu, na ndani yake mlikuwa na sindano za kufumia za Kristina, nyuzi zake za manjano, na sweta dogo lenye mkono mmoja. Yoeli alilijua lile sweta. Mkewe alilianza siku waliyopata habari za mtoto, akisema Dodoma nako kuna upepo wa asubuhi. Alimuuliza Modesta amelipataje. Modesta akajibu kwamba mama mwenyewe ndiye aliyemwomba alimalizie, sababu hakutaja.

Yoeli alizunguka nyuma, akaingia jikoni. Kristina alikuwa amesimama mbele ya kichanja, amefumba macho, mkono wake unatembea juu ya vyombo polepole.

"Mama Esnath, unafanya nini?"

Hakufumbua. "Najizoeza."

"Unajizoeza nini?"

"Chumvi iko hapa. Kiberiti hapa. Kisu nimekihamishia huku mwisho, nisije nikajikata."

Alimketisha karibu na moto, na kwa kuulizwa kidogokidogo alisema yote. Mama yake mzazi, kule Matamba, alikufa akiwa kipofu, na haikumjia siku moja. Ilianza na vitu vinavyong'aa. Alikuwa bado anaona mbuzi mlimani, lakini kioo cha kujitazamia alikiona cheusi. Sasa zamu imemfikia yeye. Maharage anayaona, uso wa mumewe anauona, ila picha ya mtoto haioni. Ni giza tupu. Siku ya kwanza alidhani ni uchovu.

"Sasa ulikuwa ukisema mzuri," alisema Yoeli.

"Wewe ulikuwa ukinieleza. Kwa maneno yako alikuwa mzuri." Akasukuma kuni ndani. "Ulikuwa na furaha, baba Esnath. Sikutaka kukuharibia simu yako."

Yoeli aliinuka. Alitoka nje akampigia Esnath, akamweleza kwa sauti isiyokuwa yake. Esnath akasema wasingoje hata siku moja, waende hospitali, na yeye angeomba ruhusa kazini aje na mtoto, bibi yake amwone kabla giza halijafunga kabisa.

Asubuhi walikuwa Njombe. Muuguzi wa macho aliitwa Getruda. Alimkalisha Kristina mbali na ubao wenye alama zinazofanana na reki ndogo za meno matatu, nyingine zimetazama juu, nyingine chini, nyingine pembeni, akamwambia aonyeshe kwa mkono meno yameelekea wapi. Kristina aliogopa kwamba ni kusoma. Alipoelewa kwamba ni reki tu, alianza kuonyesha. Juu. Kulia. Chini. Zikawa ndogo, akaendelea. Zikawa kama sisimizi, akakosea moja.

Getruda alimulika jicho la kwanza, akamulika la pili. Akasema macho haya ni ya mtu wa umri wake, miwani ya karibu itamsaidia kufuma, lakini upofu hauonekani mahali popote.

Yoeli alikasirika, kama mtu anavyokasirika akiwa na hofu. Alitoa simu, akaketi kulia kwa mkewe, akaifungua picha ya mtoto anayecheka, akaiinua mbele ya kifua chake. "Basi mwulize anaona nini hapa."

Getruda, aliyekuwa amesimama kando ya Kristina, aliitazama. "Mzee, simu yako imezima."

"Haijazima. Huyu hapa, anacheka."

Muuguzi alizunguka meza, akasimama nyuma ya bega la Yoeli, akaangalia. Kisha akarudi pembeni. Kisha akaja tena mbele, na midomo yake ikaanza kumshinda. "Kumbe umeweka praivasi. Kioo hiki anayekaa mbele ndiye anayeona. Wa pembeni anaona giza. Watu wanaweka ili jirani asiwasomee meseji zao. Hukujua?"

"Najua," alisema Yoeli. Mdomo ulisema wenyewe, kabla hajauzuia.

Getruda hakubishana naye. Aliitoa simu mikononi mwake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, akaiweka kwenye viganja vya Kristina.

Kristina aliinama. Alisogeza uso karibu, akaurudisha nyuma, akasogeza tena.

"Masikio ni ya baba yangu," alisema mwishowe. "Hukuniambia kuhusu masikio."

Nje ya hospitali Yoeli alimpigia Esnath asisumbuke kuomba ruhusa. Mama haumwi. Ni kioo tu, wale wa dukani walimbandikia kibovu. Alisema hivyo haraka, akakata. Kristina alikuwa karibu naye, akasikia kila neno. Walipofika nyumbani alisema jambo moja tu, kwamba kesho waende Makambako wote wawili.

Zamda aliwakumbuka, yaani alimkumbuka babu, na kumwona bibi alishangaa kidogo. Kristina alimwamkia, akauliza habari za watoto, kisha akaanza kuulizia vioo. Hiki ni cha nini? Na hiki? Hiki mbona kina weusi pembeni? Kwa nini hiki ni kinene? Aliuliza kimoja baada ya kingine bila haya yoyote, na Zamda akajibu vyote kwa furaha. Yoeli alikaa kwenye benchi akijifunza mambo mengi.

Kristina alichagua kile cha kawaida, na Zamda akakibandua kile cha praivasi. Kabla hakijabandikwa aliomba kiwekwe tu juu ya simu, akaketi kushoto kwa mumewe, bega kwa bega, akatazama kutoka pale.

"Aliyekaa huku anaona?"

"Anaona, mama," alisema Zamda. "Hata mwizi anaona."

"Basi hiki." Akamwacha afanye kazi, kisha akauliza kwa sauti ileile ya upole, "Mwanangu, kile cha kwanza kilikuwa kibovu?"

Zamda aliacha kupangusa. "Kibovu? Hapana, mama. Nilimuuliza babu kama anaijua. Akasema anajua."

Wote wawili walimtazama Yoeli. Magari yalipita. Yoeli alikagua saa yake, ambayo ilikuwa saa nne na robo tangu miaka mingi.

"Ndivyo anavyosema," alisema Kristina. Hakucheka. "Baba Esnath, una kalamu?"

Kalamu alikuwa nayo, na karatasi, na bahasha yenye stempu tayari. Hivyo havikukosekana kamwe katika koti lake.

"Mwandikie Esnath. Maneno ya simu yanapita, lakini barua zako anaziweka zote kwenye sanduku la bati. Ulimwambia huyu mama alikupa kibovu. Sitaki liishie hapo."

Yoeli aliandika juu ya goti, pale pale kwenye benchi la Zamda, kwa mwandiko wake wa darasa la jioni, herufi zimesimama wima. Alipomaliza alisoma kwa sauti, na Kristina akafuata kidole. Salamu zilipita vizuri. Macho ya mama yalipita vizuri. Kisha sauti ya Yoeli ikashuka na kidole kikaongeza mwendo, na Kristina akaweka chake juu yake kukizuia.

"Hapa umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba kuhusu kioo hicho sikufahamishwa ipasavyo."

"Ulifahamishwa."

Yoeli alivuta pumzi. Alipiga mstari juu ya maneno yale, mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake neno moja. Alilitazama. Lilikuwa fupi kuliko alivyofikiri.

"Sikujua," alisoma.

"Sasa endelea."

Aliendelea. Aliandika kwamba Zamda ni mtu mwaminifu na duka lake ni la kwenda. Aliandika kwamba mama amemnyang'anya Modesta sweta, mkono uliobaki ataufuma mwenyewe. Mwishoni aliandika majina yao wawili, na Kristina akalitafuta lake, akalipata, akaligusa.

Kwa kukosa meno mawili Yoeli alilamba bahasha upande mmoja tu, kama siku zote, na upande wa pili ukabaki mkavu. Kristina aliichukua, akalowesha ncha ya kidole ulimini, akakipitisha pale palipobaki, akaibana bahasha kati ya viganja vyake mpaka ikashika. Kisha walivuka barabara kwenda posta, yeye akiwa kushoto, na alipofika kwenye sanduku aliitumbukiza mwenyewe.